Kamba ya Siku Tatu

Jina lake silitaji. Nililitaja mara moja tu, mbele ya watu wasiostahili kulisikia, na hiyo mara moja inatosha. Atakayenikasirikia kwa hilo na akasirike. Katika laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa shamba moja la maua ya pareto, juu ya Molo ukielekea Keringet, karibu kila mtu alimwita Mkandaji, naye aliitika "Nani anaumwa?" hata kama ulikuwa umekwenda kumwomba chumvi.

Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, msiniulize. Laini zetu zilikuwa na watu wa kila upande, kila nyumba na lugha yake, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha mtoni na kwenye foleni ya posho. Chake kilikuwa na lafudhi ambayo kila kabila lilisema ni ya kabila lile lingine. Mimi nilimkuta pale nilipoolewa, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo inaanza, naye tayari alikuwa mama mzima wa kuamkiwa na watu wenye wajukuu. Mchana alichuma pareto kama sisi sote, jioni alikanda.

Watu wakisimulia habari za wakandaji husema mikono yao ilikuwa laini kama pamba. Uongo mtupu. Mikono ya huyu ilikuwa na sugu, na kidole gumba cha kulia kilikuwa kipana kama mwiko. Alikupaka mafuta ya kondoo, kidogo tu, maana kwa mafuta alikuwa mchoyo hasa, akaanza na nyayo hata kama umemlalamikia shingo. Ukimwambia, "Mama, shingo ndiyo inauma," alikujibu, "Shingo inalia tu. Anayepigwa yuko huku chini." Kisha alipanda polepole, mashavu ya miguu, nyonga, kiuno, mpaka anafika mahali ambapo hata wewe hukujua pana maumivu. Hapo alitulia akikusubiri upumue. Ukibana pumzi, naye habanduki.

Lakini wakandaji walikuwapo wengi, hata Elburgon walikuwapo, na wengine walikuwa na mikono kumshinda. Nasema hivyo akiwa hayupo, na angekuwapo ningesema hivyo hivyo. Kilichomtenga yeye na wenzake ni yale aliyoyadai baada ya kukanda. Kwake kukanda kulikuwa robo ya kazi. "Mimi nimelima tu," alikuwa akisema huku akijifuta mikono. "Umeona nani akalima asubuhi akavuna jioni?"

Akimaliza, hakukuruhusu kuinuka. Alikufunika blanketi, akakuacha hapo chini kando ya ukuta, akaanza kumsema mtu mwingine. Ukijifanya hodari ukanyanyuka mara moja, kichwa kilizunguka na paa likakimbia, na yeye alikuwa amelijua hilo kabla yako, kwa hiyo goti lake lilikuwa tayari begani mwako. Kwanza ugeuke ubavu. Kisha ukae. Kisha ukunje miguu. "Sasa wataje wajomba zako wote," alisema, "halafu ndiyo usimame." Kulikuwa na kijana mmoja mkamua ng'ombe aliyekuwa na wajomba kumi na mmoja, naye alikaa pale mpaka uji ukapoa.

Maji alikupa ya moto, kikombe baada ya kikombe, na ole wako uguse ya mtungi. Kiu ya baada ya kukandwa ni kiu ya ajabu, na safari za kwenda nyuma ya nyumba nazo hazihesabiki. Mwili unakuwa mzito na mwepesi kwa pamoja. Usingizi unakushika mbele za watu. Na machozi yanakuja, hayana habari na mtu. Wanaume waliobeba magunia tangu ujana wao nimewaona wakilia pale, midomo imefungwa, wakisingizia moshi. Hakuwacheka kamwe. Aliusukuma ukuni ndani ya moto ili moshi uwe mwingi kidogo, akaendelea na maneno yake.

Halafu zilikuja siku tatu. Siku ya kwanza, alisema, mwili hudanganya. Unaamka unajiona msichana, unatamani kukimbia, unataka kuinua debe la maji kwa mkono mmoja uwaonyeshe watu. Wepesi huo ni wa kuazima, na mwenyewe atakuja kuuchukua. Siku ya pili anauchukua. Unaamka kama mtu aliyepigwa mwili mzima, unaona uchungu mahali palipokuwa pazima, unamlaani mkandaji na kizazi chake. "Siku ya pili utanitukana," alituambia. "Nitukane. Lakini nitukane umelala." Siku ya tatu maumivu yanalegea, njaa inakuja, njaa ya kweli, na mtu anakula ugali wa watu wawili. Katika siku hizo tatu usiinue kitu, hata mtoto wako mwenyewe. Usioge maji ya mto. Usikae kwenye upepo, na upepo wa kule juu si mchezo, ukungu unaingia mpaka kitandani. Usijinyooshe kujaribu kama umepona. Usigombane. Na mume alale kwake. Hili la mwisho alilisema mbele ya mume mwenyewe, akimtazama usoni.

Wala hakuwa mjinga wa kudhani mikono yake inaponya kila kitu. Maumivu yanayohamahama, alisema, ni mazuri, yanatafuta mlango. Yanayokaa mahali pamoja, au mguu unakufa ganzi, au homa inapanda, hayo si ya kwake. Siku moja wanaume walimletea mwenzao aliyevunjika mguu, akawatukana mpaka wakamsahau mgonjwa, kisha akatembea nao njia nzima hadi zahanati akishikilia ule mguu usitikisike. Alirudi magharibi, hajala, akiwatukana bado.

Sasa kamba. Katika shamba la mzungu nani alikuwa na siku tatu? Nyapara alipuliza filimbi alfajiri na ukichelewa kutoka, alikuja mlangoni. Mtu akisema nimekandwa jana, alijibiwa, "Nani alikutuma?" Basi Mkandaji akabuni jambo lake. Alichukua kamba ya mkonge, ile ya kufungia magunia, akakufunga kiunoni juu ya nguo, fundo akaliweka katikati ya mgongo, mahali ambapo mikono yako mwenyewe haifiki vizuri. Alfajiri ya siku ya nne alikuja mwenyewe kulifungua, na hapo hapo alikupapasa uti wa mgongo kuona kama ulimtii. Alijua. Mwanamke mmoja aliinua sufuria ya maharagwe siku ya pili, sufuria moja tu, naye alimgundua.

Kamba ile ilikuwa amri kwa laini nzima. Mwenye kamba akionekana anakwenda mtoni, watoto walipiga kelele, "Ana kamba! Ana kamba!" na mtu alitoka kumpokea mtungi. Kuni zililetwa mlangoni kwake. Shambani tulichuma kwa zamu tukajaza kikapu chake, kikaenda kwa karani kimejaa kama vyetu, na mwenyewe yuko kitandani anamtukana mkandaji. Nyapara aliona vikapu vimejaa na mtu hayupo, akanyamaza. Naye alikuwa na sababu ya kunyamaza. Alikuwa amekandwa bega mwaka uliotangulia, akafungwa kamba, na siku zote tatu aliificha chini ya koti. Hilo la kamba ya nyapara mliweke akilini, kwa sababu mimi sijaweza kulisahau.

Alikuwa na vituko vyake. Alituhubiria maji ya moto, na yeye mwenyewe aliosha mikono mtoni alfajiri kwenye maji yanayouma meno. Alituamuru tulale, na hakuna aliyewahi kumwona amelala. Aliweza kumkalia mgongoni mwanaume wa ratili mia mbili, lakini kuku akiingia ndani alipanda juu ya kigoda akiomba msaada. Alivuta ugoro. Wazee wa kanisa walimwita wakamwambia aache kukanda Jumapili, akawauliza kama kati yao kuna mwenye mgongo unaojua Jumapili ni ipi, na mmoja akacheka, kikao kikavunjika. Na wavivu hakuwapenda hata kidogo. Mtu aliyekuja kukandwa ili apate kamba bila kuumwa, alimshika kidogo tu pajani, akamwambia, "Wewe nenda kachume. Aliyechoka namjua kwa harufu."

Memsahib naye alimwita, mke wa bwana wa shamba. Alikuwa ameangushwa na farasi. Mpishi alikuja laini akiwa amevaa kanzu yake nyeupe, akasema, "Mama, unatakiwa nyumba kubwa, na uoshe mikono." Alikwenda bila kuiosha. Akamkanda kuanzia nyayo kama sisi, na mpishi aliyekuwa akitafsiri alituambia memsahib alilia, na hakukuwa na moshi wa kusingizia. Kisha Mkandaji akadai zile siku tatu. Memsahib alilala siku tatu, akaletewa supu kitandani, na siku ya nne akatembea. Bwana alimpa Mkandaji shati kuukuu. Akalipokea, akabaki amesimama pale barazani. Mpishi akamuuliza anangoja nini. Akasema, "Mwambie bwana, mikono iliyomkanda mke wake ni hii hii inayokanda wachumaji. Memsahib amelala siku tatu na shamba halikufa. Basi na wachumaji walale." Mpishi alisema hakulitafsiri lote. Mimi naamini hakutafsiri hata nusu, maana bwana alitabasamu.

Kisha Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka waliokula kiapo cha kuwaondoa wazungu, ikapanda mpaka kwetu. Watu wa nyumba fulani fulani walichukuliwa na malori, na vyumba vyao vikabaki wazi, moto wa jikoni haujazimika. Ukawa ni wakati ambapo uzi ni kiapo, jani ni kiapo, watu watatu wakiota jua pamoja ni kiapo. Asubuhi moja kwenye mkusanyiko wa kazi, nyapara akasimama karibu na bwana akatangaza: yeyote atakayeonekana amefunga kamba kiunoni atahesabiwa amekula kiapo, na atapelekwa walikopelekwa wenzake. Alisema hivyo mwanaume ambaye kiuno chake mwenyewe kilifungwa kamba hiyo. Nilimtazama. Aliangalia viatu vyake.

Jioni wanawake tukaenda kwa Mkandaji. Tukamwambia, "Mama, kanda, lakini kamba iache." Alikuwa anapepeta wimbi. Akasema, "Niwafunge nini, tai?" Hatukucheka. Akaweka ungo chini. "Waliokula kiapo sijui wanafunga nini. Mimi nafunga migongo, na kila mtu hapa anajua, na nyapara anajua. Wakikataza kamba leo na mimi nikakubali, kesho watakataza kulala. Sifungui." Mmoja wetu akamwambia hicho ni kiburi. Akasema ndiyo, ni kiburi, na akachukua ungo wake.

Mwezi haukuisha kabla sijaanguka. Nilikuwa nimebeba gunia la maua makavu kutoka nyumba ya kukaushia, nikateleza kwenye matope, nikakaa chini kwa kiuno na gunia juu yangu. Nilitambaa mpaka nyumbani. Mume wangu aliogopa, na sikumlaumu. Tuliandikwa kazi sote wawili, na mke asipochuma, chumba kinatolewa kwa watu wengine. Tungekwenda wapi wakati ule, bila kibali cha kusafiri? Alinibeba mgongoni mpaka kwa Mkandaji, akaniacha mlangoni akarudi kwenye kazi yake ya ng'ombe.

Akanikanda. Sisemi zaidi, aliyekandwa na yeye anajua. Alipomaliza aliishika kamba mkononi, lakini hakunifunga. Akaniuliza, "Nikufunge au nisikufunge? Mgongo ni wako na shingo ni yako." Hakuwahi kumuuliza mtu. Nikamwambia nifunge. Nilikuwa na ule wepesi wa kuazima, nilijiona ningeweza kusimama mbele ya bwana mwenyewe nikamwambia lala wewe. Alinifunga, na fundo lake lilikuwa kavu na la nguvu.

Askari walikuja siku ya pili. Siku ya pili, jamani! Kila mfupa ulikuwa unapiga kelele, nilikuwa siwezi kugeuka bila kushika ukuta. Tulikuwa wanawake watatu wenye kamba siku hiyo. Tulipelekwa nyuma ya nyumba ya kukaushia, mmoja mmoja, wawili wakingojea upande wa mbele wasisikie. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Kulikuwa na afande, karani wa shamba na daftari lake, na nyapara. Afande akaniambia niiname. Nikajaribu, nikashindwa, akanisukuma shingo, na uchungu niliouona sitausema. Akauliza, "Nani alikufunga hii?" Nikamtazama nyapara, nikitegemea atasema, bwana, hii ni kamba ya mkandaji tu, hata mimi. Alinyamaza. Basi nikalitaja. Sikusema Mkandaji. Nilisema jina lake lote, mpaka la baba, ambalo aliniambia siku moja tukiwa mtoni na ambalo sidhani aliwaambia wengi. Karani hakuandika kitu. Niliona kalamu haiendi, na sikujiuliza kwa nini.

Wakaikata kamba kwa kisu, wakanipeleka shambani nikachume. Niliinama juu ya pareto ile asubuhi na kitu kikashtuka kiunoni, na hakijatulia mpaka leo. Lori lilipopita barabara ya chini, tulimwona Mkandaji ndani yake, amekaa wima, amevaa lile shati kuukuu la bwana. Wale wanawake wawili nao walikuwamo. Mimi tu ndiye niliyeachwa. Chumba chake kilibomolewa kabla ya chakula cha mchana.

Wawili wale walirudi baada ya majuma kadhaa, wamekonda, mmoja hana meno mawili ya mbele. Mmoja alikuwa amesema alijifunga mwenyewe. Mwingine alinyamaza mpaka wakachoka. Waliniuliza, "Na wewe uliwaambia nini?" Nikasema nilinyamaza. Wakasema pole, dada, wewe pia uliteseka. Waliniletea kuni. Niliichukua ile pole, nikazipokea zile kuni, nikazipikia.

Kamba ziliisha. Siku tatu hazikuisha, nawaambia. Mwanamke mwingine akaanza kukanda, mikono yake haikuwa na ujuzi, lakini alidai siku tatu kama tulivyofundishwa, na vikapu tukaendelea kuvijaza. Nyapara akiuliza, tulisema tumbo. Tumbo lilikuwa na wagonjwa wengi sana miaka ile. Mimi nilichuma kwa ajili ya wagonjwa kuliko mtu yeyote. Watu waliniona mwema.

Nilikutana naye tena karibu mwisho wa miaka hiyo ya hamsini. Nilikwenda Gilgil kumwona wifi yangu, dada ya mume wangu, aliyekuwa amejifungua. Mgongo ulinikamata ndani ya treni, nilipofika nilikuwa natembea kwa kushika kuta. Wifi yangu akasema kuna mama mmoja nyuma ya maduka, anakanda kwa viwiko, watu wanatoka hata Nakuru kumfuata. Viwiko? Ndiyo, alisema, vidole vyake viliharibiwa huko alikokuwa. Sikuuliza zaidi. Nadhani nilijua, na bado miguu ilikwenda.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe zote, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimenyooka havikunji. Wifi yangu alibaki nje mlangoni na mtoto wake. Mkandaji hakunitazama usoni. Aliniambia nilale kifudifudi, akaanza na nyayo. Alipofika kiunoni akatulia kidogo.

"Mgongo huu naujua," akasema. "Uliinuliwa siku ya pili."

Nikaanza kulia. Hakukuwa na moto ndani. "Mama," nikasema, "ni mimi niliyekutaja."

Kiwiko hakikusimama. "Nani hakunitaja?"

"Wenzangu hawakukutaja. Mimi nilikutaja, na jina la baba yako."

"Asubuhi ile," akasema, "kabla hawajafika laini, nilikwenda ofisini kwa miguu yangu. Nilisikia lori, nikajua linakuja kwa nani. Nikamwambia karani aandike: kamba zote ni zangu, nimefunga mimi, waacheni hao. Akaandika, na jina la baba akaandika. Nyapara alikuwa amesimama hapo hapo. Walipokuja kuwauliza nyinyi walikuwa wameshajua kila kitu. Walitaka tu kuona nani atainama."

Nililala pale nikisikia mtoto wa wifi yangu analia huko nje. Kalamu ya karani ilikuwa haiendi. "Kumbe nilikutaja bure," nikasema.

"Bure kabisa."

"Unisamehe, Mama."

"Kwa hilo? Ulikuwa siku ya pili. Mtu wa siku ya pili husema lolote, nilikufundisha mwenyewe." Akaendelea kukanda. Ningeweza kunyamaza hapo. Mungu anajua ningeweza kuinuka na msamaha wangu nikaenda zangu. Lakini kiwiko kilikuwa kimefika pale palipo na uchungu na kilikuwa kinanisubiri.

"Wenzangu waliporudi," nikasema, "niliwaambia nilinyamaza. Mpaka leo wanajua nilinyamaza. Hata mume wangu."

Kiwiko kikatoka. Aliinuka, akakaa juu ya kigoda, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. Nimetukanwa na mama yule mara nyingi, lakini sikuwahi kumwona amekasirika. Siku hiyo nilimwona.

"Lile la kwanza ulilisema unaumwa," akasema. "Hili ulilisema mzima. Umelala, umekula, umepata nguvu, ukakaa na wanawake waliong'olewa meno ukawadanganya." Akanyoosha ule mkono wenye vidole viwili visivyokunja, akaonyesha mlango. "Mwite wifi yako."

"Mama, huyo atamwambia kaka yake. Laini nzima itajua."

"Mwite."

"Watanifukuza kati yao. Siwezi kuishi pale."

"Mimi sikuishi pale. Nimekufa? Mwite, au vaa nguo zako uende na mgongo wako."

Nikamwita. Akaingia na mtoto begani, anatabasamu, akidhani ninataka kusaidiwa kuinuka. Nilikuwa bado nimelala kifudifudi, mafuta mgongoni, shavu limelalia mkeka, naye akanichutamia ili anisikie. Nikamwambia. Sauti ilitoka kidogo sana, akasema, "Nini, wifi? Sijakusikia." Mkandaji hakunisaidia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono yake ile mapajani, anangoja.

Nikainuka nikakaa. Sikugeuka ubavu kwanza, sikutaja mjomba hata mmoja, kichwa kilinizunguka nikashika ukuta, nikasema tena, kwa sauti iliyowafikia watu wa dukani na barabarani: "Ni mimi niliyemtaja, na nikawadanganya wenzangu."